Kwa Fundi, Kikwajuni: mahali pa kujifunza kushusha ndege

Wengi wameniuliza ile sehemu ya kurusha ndege ya kompyuta ipo wapi. Ipo Kikwajuni, mjini Unguja, chumba cha uani katika nyumba ya mzee mmoja aliyestaafu ufundi wa ndege. Hakuna bango, ulizia "kwa Fundi", mtoto yeyote wa mtaa atakupeleka. Saa moja ni shilingi 10,000. Nimekwenda mara sita, na naandika kwa sababu kuna watu wanaingia pale wakidhani ni mchezo wa kwenye simu, halafu wanatoka wamenuna.

Mie ni baharia. Naendesha boti ya mizigo baina ya bandari ya Malindi, Unguja, na Mkoani, na kwetu ni Pemba. Kwa hiyo maili za baharini, na noti, yaani maili hizo kwa saa, sikuhitaji kufundishwa. Nilichokuwa sikijui ni kimo.

Ndege iliyopo ni moja tu, Boeing 737-200, ile ya zamani yenye injini nyembamba, ndefu kama bomba chini ya bawa. Watu wa umri wangu tunaikumbuka, Air Tanzania walikuwa nayo, twiga mkiani. Ikipita juu ya Kiembe Samaki mazungumzo yalikuwa yanasimama mpaka iishe. Fundi ametengeneza dashibodi ya mbao kwa mikono yake, majina ya swichi kayaandika kwa kalamu, na mbele kuna skrini tatu. Hakuna ramani ya rangi wala kompyuta ya kukwambia "anza kushuka sasa". Kuna saa za mishale na kidirisha kidogo kinachokuonyesha uko maili ngapi kutoka kwenye mtambo wa redio wa uwanjani. Hesabu iliyobaki ni ya kichwani mwako.

Na hapo ndipo pesa yako inapokwenda. Hujagusa usukani, Fundi anakuuliza: "Uko futi 29,000. Utaanza kushuka ukibakisha maili ngapi?" Kanuni yake ni hii: chukua kimo kwa maelfu, zidisha kwa tatu, kisha ongeza maili kumi za kupunguzia mwendo. Ishirini na tisa mara tatu ni 87, na kumi ni 97. Ya pili ni ya kasi ya kushuka: mwendo wako juu ya ardhi zidisha kwa tano. Noti 420 unashuka futi 2,100 kwa dakika. Noti 140 karibu na kutua, futi 700. Ukikosea anakurudisha mwanzo, kwa upole, lakini anakurudisha.

Safari anayoipenda ni Kilimanjaro kuja Unguja, maili mia mbili na ushei. Mara ya nne nilikuja hivyo nikiwa na uhakika kupita kiasi. Wiki iliyotangulia nilikuwa nimetua njia ya 36, ile ya kutua ukielekea kaskazini, ambayo ukitoka bara unaupita uwanja, unakwenda kusini hadi Ghuba ya Menai, unageuka kurudi. Mzunguko ule unakupa kama maili ishirini za bure. Nikaanza kushuka kidirisha kikisoma 77, kama nilivyozoea. Kumbe Fundi ametia upepo wa kusi. Kusi likivuma unatua njia ya 18, kutoka kaskazini, moja kwa moja. Zile maili ishirini hazipo tena.

Sikushtuka mapema. Nilifika futi 10,000 na maili ishirini tu mbele yangu, mwendo noti 320. Chini ya futi 10,000 hutakiwi kuzidi 250, basi nikanyoosha pua ili upungue. Ulipungua, lakini maili saba zimeliwa. Nikawa juu ya Mahonda, kiwanda cha sukari nakiona upande, bado nipo 10,000 wakati nilitakiwa kuwa 4,000. Nikasukuma pua chini. Mwendo ukarudi 300. Flapu, vile vipande vya bawa vinavyotolewa wakati wa kutua, hazitoki mpaka mwendo ushuke chini ya 230. Nikainua pua, kimo kikagoma kupungua.

Fundi alikuwa amesimama nyuma ya kiti na kikombe chake cha kahawa. "Nahodha, unataka kushuka au unataka kupunguza mwendo?"

"Vyote, Fundi."

"Mshika mbili moja humponyoka. Chagua."

Nikapandisha tena, nikazunguka kwenda baharini. Nilivyotulia ndipo nikaelewa, na nikaelewa kwa mwili. Boti iliyojaa saruji haina breki. Ukiingia Malindi unapunguza injini mbali sana, mgeni aliye sitahani anajiuliza mbona tunatambaa. Ndege hii ni shehena ileile, ila imeongezewa kimo, na kimo nacho ni mwendo uliowekwa akiba. Lazima uutumie pahali.

Jambo jingine ambalo Fundi halifanyii mzaha ni injini. Za aina hii ukizirudisha chini kabisa, kisha ukataka nguvu, zinachukua sekunde kadhaa kuamka. Alinisimulia ajali ya Salt Lake City, Marekani, tarehe 11 Novemba 1965: Boeing 727, injini za ukoo huohuo, ilikuwa inashuka kwa zaidi ya futi 2,000 kwa dakika karibu na ardhi, nguvu ikaongezwa imechelewa. Kati ya watu 91 walikufa 43. Ndiyo maana ukifika futi 1,000 anataka kila kitu kiwe tayari: magurudumu nje, flapu zimekamilika, mwendo umetulia, injini zinavuma. Kama bado, unapanda. Hakuna kujadiliana.

Sasa mapungufu. Chumba kina joto, feni ni moja na inamwelekea yeye zaidi kuliko wewe. Skrini ya kushoto ina rangi ya kijani, bahari na mashamba vinafanana. Umeme ukikatika safari imekufa, ingawa dakika zako anakufidia bila kuombwa. Kiti kinaumiza mgongo ikipita saa moja. Na kama shida yako ni kupiga picha umevaa hedseti, usijisumbue. Niliwahi kwenda sehemu moja Dar es Salaam yenye kiyoyozi na kiti cha ngozi, kijana akaniwashia rubani wa kompyuta, nikalipa mara nne ya hapa kutazama ndege ikijiendesha.

Mara ya sita nilianzia 97. Futi 20,000 kwenye maili 70, futi 10,000 kwenye 40, breki za hewa sikuzigusa. Niliteremka juu ya mashamba hadi njia ya 18, mshale wa kushuka umetulia kwenye 700. Fundi hakusema kitu, alikunywa kahawa yake.

Nikamuomba safari ijayo tutue Chake Chake, nyumbani. Amekataa. Anasema njia ile ni fupi mno kwa ndege hii, nimalize kwanza mita 3,022 za Unguja, kwa kusi na kwa kaskazi. Hufungua baada ya Alasiri, Ijumaa pia, na ni vyema mtu akapita siku moja kabla kujiandikisha kwenye daftari lake.