Google Drive kwa mpiga picha za harusi: ruhusa safi, umiliki una kona

Napiga picha za harusi hapa Tanga, na siku hizi mteja haulizi DVD wala flashi. Anauliza, "Linki unatuma lini?" Kwa hiyo Google Drive ndiyo kaunta ya studio yangu, na naipima kwa jambo moja tu: nani anaona nini, na anaweza kufanya nini nacho.

Kwenye kugawa, iko vizuri. Ruhusa ni za aina tatu: kutazama, kutoa maoni na kuhariri. Hiyo ya kati wengi wanairuka, mimi ndiyo naipenda kuliko zote. Bibi harusi nampa kwa barua pepe yake. Anafungua picha, anaandika pembeni "hii iende kwenye albamu", "hapa mama amefumba macho, toa". Nasoma kila maoni kwenye picha yake, badala ya kusikiliza sauti ndefu za WhatsApp usiku wa manane.

Linki ndiyo ya kuangalia. Ukichagua "mtu yeyote aliye na kiungo", hesabu kwamba umeshawapa kamati nzima, ukoo mzima na shoga wa jirani. Ikishatua kwenye kundi, basi tena. Kwa picha za ukumbini hakuna neno, watu wanataka kujiona na sare zao. Za kichenpati ni habari nyingine kabisa; kule kuna mafunzo, na kuna nguo ambazo hazikuvaliwa kwa macho ya wajomba. Folda ndogo kwa kawaida inarithi ruhusa za folda kubwa, kwa hiyo usiiweke ndani ya folda ya harusi ukadhani kuipa jina BINAFSI kutailinda. Mimi naifungulia folda yake pembeni, wanaingia wale tu aliowataja bibi harusi. Asiyetajwa akibofya linki anakutana na ukurasa wa kuomba ruhusa, na ombi linakuja kwangu. Sikubali kabla ya kumuuliza mwenyewe (mawifi ndio waombaji wakubwa).

Kwenye dirisha la kushiriki kuna alama ya gia ambayo watu hawaigusi. Kwenye folda, ndipo unapozima uwezo wa wahariri kualika watu wengine; huo unakuja ukiwa umewashwa, na sijaona sababu ya maana. Kwenye picha, ndipo unapomzuia mtazamaji kupakua, kuchapisha au kunakili. Nazuia mpaka hela iliyobaki iingie. Hakuna kinachomkataza kupiga picha ya skrini, ila hiyo akaichapishe kwa ukubwa wa ukutani aone itakavyotoka.

Tunapokwaruzana ni kwenye umiliki. Kamera ya pili anashika kijana ninayemlipa kwa siku. Akipakia kazi yake kwenye folda yangu, folda ni yangu lakini mafaili ni yake: yanakula GB 15 zake za bure, ambazo humo humo kuna na Gmail yake, na akiyafuta yanaingia kwenye pipa lake, siku 30 zikipita hayapo tena. Kumtoa kwenye folda hakuyafanyi yawe yangu. Kwa akaunti za kawaida lazima yeye aanzishe uhamisho, na mimi nikubali. Haya ni mambo ya kumfukuzia mtu ambaye Jumamosi ijayo yuko na mpiga picha mwingine, kwa hiyo kadi ya kamera yake naichukua pale pale ukumbini, napakia mwenyewe. Baadhi ya akaunti za kulipia za ofisi zina hifadhi ya timu, ambako faili ni la timu bila kujali nani kalipakia. Studio yenye wafanyakazi wa kudumu ilipie hiyo, isibanie.

Mwenzangu mmoja ananivuta niende Dropbox. Akaunti ya bure kule ni GB 2, na folda ya pamoja inahesabiwa kwenye nafasi ya kila aliyejiunga nayo. Kwa harusi za hapa, na sendofu yake, GB 2 zinaisha kabla keki haijakatwa.