Vyambo Bandia vya Besi wa Naivasha: Kipi Kinunuliwe Kwanza

Samaki aitwaye besi mdomo-mkubwa aliletwa katika Ziwa Naivasha, Kenya, kutoka Marekani mwishoni mwa miaka ya 1920, na hadi leo wavuvi wa fimbo humfuata huko. Anayeanza kumvua huingia dukani, akakuta ukuta mzima wa vyambo bandia vya kila rangi, naye huchukua kile kinachompendeza macho. Fedha nyingi hupotea hivyo. Chambo huchaguliwa kwa kuyaangalia maji kitakamotupwa: uangavu wake, mimea na miti iliyomo, na chakula ambacho samaki amekizoea humo.

Kuhusu chakula, Naivasha ina jibu lake. Kamba wekundu wa maji baridi, wale wenye magando wanaotokana na mito na vinamasi vya kusini mwa Marekani, waliingizwa ziwani mwaka 1970, na besi akawafanya windo lake kuu. Hula pia vyura, wadudu na samaki wadogo, hata watoto wa besi wenzake. Huwinda kwa kuvizia: hujibanza kando ya mafunjo, chini ya magugu maji, au kati ya mashina ya migunga iliyozama ziwa lilipofurika, akamrukia anayepita karibu. Kwa hiyo sifa ninayoitanguliza katika kupanga vyambo hivi ni uwezo wa kupita penye vizuizi bila kunasa.

Nafasi ya kwanza naupa mnyoo wa plastiki laini, ambao Nick Creme wa Akron, Ohio, aliutengeneza mwaka 1949. Nunua wenye urefu wa sentimita 15 hivi na uufunge kwa mtindo wa Texas: chubwi, yaani kizito cha kuzamisha chambo, yenye umbo la risasi ya bunduki hutangulia kwenye mshipi, ndoana yenye shingo iliyopinda huingizwa kichwani mwa mnyoo, kisha ncha yake hurudishwa na kufichwa ndani ya mwili. Kwa kuwa ncha imefichwa, mnyoo hupenya kati ya mashina na majani ambako chambo kingine kingebaki. Chubwi ya gramu 5 inatosha asubuhi maji yakiwa yametulia, ila upepo wa alasiri, ambao Naivasha huvuma kwa nguvu, utakulazimu kutumia ya gramu 10. Ndoana namba 3/0 inaufaa mnyoo wa urefu huo. Rangi mbili zinakutosha: kijani iliyofifia kwa maji maangavu, na nyeusi kwa maji ya tope, kwa kuwa nyeusi ndiyo inayoonyesha umbo lililo wazi pasipo na mwanga wa kutosha. Mnyoo una faida nyingine ambayo mwenye duka hawezi kukueleza kwa kuutazama: haudai mwendo. Asubuhi za baridi za Julai, kwenye ziwa lililo karibu mita 1,890 juu ya usawa wa bahari, besi huwa mzito na hafukuzi kitu. Mnyoo unaoshuka polepole mbele ya mdomo wake humshawishi. Mara nyingi huushika ukiwa bado unashuka, kwa hiyo usiondoe macho kwenye mshipi. Na tafadhali, mnyoo uliochakaa urudi nao nyumbani, kwani samaki huumeza na tumbo lake haliwezi kuumeng'enya.

Jigi ni ya pili, na iko nyuma kwa sababu moja tu: anayeanza hupoteza nyingi kabla ya kujifunza kuutambua mguso wa sakafu ya ziwa kupitia mshipi. Aliyekwisha kujua hilo anaweza kuitanguliza. Ni ndoana iliyosubiwa kichwa cha risasi, ikavishwa sketi ya nyuzi za mpira na kikinga cha nywele ngumu kinachozuia kunasa. Ukiiongezea magando ya plastiki laini na kuiburuta chini kwa mikupuo mifupi, inamwiga kamba anayekimbia. Chukua ya gramu 10 hadi 14, rangi ya kahawia yenye wekundu kidogo. Zipo za tungsteni, metali nzito kuliko risasi, ambazo ni ndogo zaidi kwa uzito uleule na hupeleka mguso vizuri zaidi mkononi, lakini ni ghali, na kwa sehemu yenye migunga iliyozama siwezi kumshauri mtu mwenye fedha chache azinunue.

Chambo cha vijiko, waya uliopindwa wenye ndoana na sketi upande mmoja na vibati vinavyozunguka upande wa pili, ni cha tatu katika siku za kawaida. Wakati wa mvua hupanda hadi cha kwanza. Mto Malewa huleta tope upande wa kaskazini, na samaki aitwaye kapu, aliyeonekana ziwani mwanzoni mwa miaka ya 2000, huchimbua matope akitafuta chakula. Basi besi hutegemea mtikisiko anaouhisi kwa mstari wa ubavuni, kiungo chake cha kuhisi misukosuko ya maji. Kwa maji hayo nunua chenye kibati cha mviringo, maana kile chembamba kama jani hutikisa maji kidogo na kinafaa palipo na uangavu.

Chura wa mpira hutelezeshwa juu ya magugu maji alfajiri na jioni, ndoana zake mbili zikielekea juu. Anapendeza mno kuvulia, lakini bei yake halisi ni kubwa kuliko ile iliyoandikwa, kwa kuwa anataka mshipi wa kusokotwa wenye nguvu na fimbo ngumu ya kumtoa samaki kwenye majani.

Samaki wa plastiki ngumu mwenye ulimi mdomoni, kibamba kinachomzamisha anapovutwa, namweka mwisho. Ndoana zake za ncha tatu hukamata kila jani, na mahali pake ni maji ya wazi yenye kina, kama yale ya upande wa Kisiwa cha Crescent. Chambo kikinasa kwenye mafunjo, kata mshipi. Humo hulala viboko, na hakuna chambo kinachostahili kufuatwa kwa miguu.