Mgongo wa mbeba dagaa: diklofenaki au mashine ya umeme?

Pale Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, mbeba magunia ya dagaa akiumwa mgongo hukimbilia diklofenaki, dawa ya maumivu. Inatuliza haraka, ila ukiizoea, vidonda vya tumbo vinakungoja, na figo nazo huumia.

TENS, mashine ya umeme ya kutuliza maumivu, haipiti tumboni. Unabandika vibandiko kwenye ngozi, umeme mdogo wa betri unakutekenya, na habari za maumivu hazifiki zote kwenye ubongo. Ndiyo nadharia ya lango ya wanasayansi Melzack na Wall, 1965: ni kama maumivu yamefungiwa lango njiani. Ukizima mashine, nafuu huenda isikae, na wengine hawaoni tofauti kabisa. Mwenye betri ya moyo, kile kifaa cha kurekebisha mapigo, asiiguse bila daktari.

Mimi ningeanza na mashine, nikipata ya kuazima. Ngozi iwe kavu lakini, si umetoka ziwani sasa hivi.