Uanachama wa FSF: dola 120 kwa mwaka zinakwenda wapi?

Mwanachama mshiriki wa Free Software Foundation, yaani FSF, shirika la Marekani linalotetea programu huria (ambazo yeyote anaweza kuzitumia, kuzibadili na kuzisambaza), hulipa dola 10 kwa mwezi au 120 kwa mwaka. Mwanafunzi hulipa nusu yake. Ukipima ada hiyo kwa vitu unavyopewa, umepunjwa.

Chukua kadi ya uanachama. Ni flashi yenye umbo la kadi, ndani yake kuna Trisquel, mfumo endeshi wa programu huria tupu, unaowaka bila kusakinishwa. Ikigoma kuwaka, ingia kwenye mipangilio ya BIOS, zima Secure Boot, kisha weka USB juu kwenye mpangilio wa kuwashia. Ikishawaka, kinachofuata kukwama ni Wi-Fi. Trisquel hutumia Linux-libre, yaani kiini cha Linux kilichoondolewa kila kipande kisicho huria, na kadi za Wi-Fi za Intel haziendi bila fimwea (programu inayoendesha kifaa kutoka ndani) ya kampuni, ambayo si huria. Usihangaike kutafuta draiva: chomeka waya wa mtandao, au tumia kidude cha USB chenye chipu ya Atheros AR9271, ambayo fimwea yake ni huria. Trisquel yenyewe hupakuliwa bure. Flashi ya GB 8 na dd, amri ya kunakili mfumo kwenye flashi, zinakupa kitu kilekile.

Anwani ya barua pepe ya member.fsf.org inapendeza, ila haina sanduku. Inapokea na kukusukumia barua kwenye anwani yako ya kawaida. Hapo ndipo SPF, orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma barua kwa jina la mtumaji, huleta shida: seva yako inaona barua ya benki ikiletwa na seva ya FSF, ambayo haimo kwenye orodha ya benki hiyo, na barua huenda ikaishia kwenye taka. Usiitumie kurejeshea nywila.

Kinacholipa ni seva ya Jitsi Meet, ya mikutano ya video. Mwanachama ndiye anayefungua chumba. Wageni huingia kwa kiungo tu kwenye kivinjari, bila akaunti. Anayeendesha darasa au kikao kila wiki ataona faida. Punguzo la asilimia 20 dukani kwao na jarida la mara mbili kwa mwaka ni nyongeza, basi.

Sehemu kubwa ya hela haikurudii mkononi. FSF ndiyo mmiliki wa hakimiliki za programu nyingi za GNU, mradi wa programu huria, kwa hiyo ina uwezo wa kwenda mahakamani inapovunjwa GPL, leseni inayomtaka anayesambaza programu atoe pia msimbo wake. Desemba 2008 iliishtaki Cisco kwa kuuza vifaa vya mtandao vya Linksys, chapa yake ya wakati huo, vyenye programu za GNU kama GCC, binutils na maktaba ya C bila kutimiza masharti ya leseni. Mei 2009 walipatana: Cisco ikakubali kuteua msimamizi wa programu huria Linksys, na ikaichangia FSF fedha. Watu wa leseni wa FSF hujibu pia maswali ya yeyote anayewaandikia, mwanachama au la. Kama kazi yako inasimama juu ya GPL, hapa ndipo dola 10 zinapoeleweka.

Usitegemee kura, lakini. Mwanachama mshiriki hachagui bodi. Kuna wanachama wachache wa kupiga kura, na hao ni kundi jingine. Na aliyeko Ulaya asichanganye majina: FSFE (Free Software Foundation Europe), iliyoanzishwa 2001, ni shirika linalojitegemea, na ada ya FSF haimwingizi huko.