TAHADHARI: Wakala wa ajira anayetaka slipu yako ya mshahara kabla hata ya usaili

Wadau, kama unatafuta kazi na kuna wakala anakupigia kila baada ya siku mbili kwa sauti ya upole, soma hii kabla hujamjibu. Simtaji jina, na wala hayuko peke yake. Cha kuijua ni mbinu yake.

Alinipata mtandaoni, akausifia wasifu wangu mpaka nikaona haya, akasema ana nafasi "inayokuita kabisa". Jina la kampuni hakutaja, eti siri ya mteja. Sawa. Swali la tatu tu: "Kwa sasa unalipwa kiasi gani?" Nikamwambia ningependa kwanza kujua nafasi yenyewe imetengewa kiasi gani. Akacheka. "Wewe sema tu namba, ni ya kujazia fomu, mfumo haunipitishi bila hiyo." Halafu akanyamaza. Ule ukimya ndio ulioniponza. Nikawa nasikia anabofyabofya kompyuta, sekunde tano, kumi, mpaka nikaropoka vyote viwili: mshahara wangu, na kiwango cha chini kabisa ambacho kingenitoa nilipo. Jioni akaomba slipu "kwa uhakiki". Nikapiga picha nikatuma, namba ya akaunti ya benki inasomeka waziwazi. Ujinga huo ni wangu, siukatai.

Usaili ulikwenda vizuri, ofa ikaja: kile kile kiwango cha chini nilichoropoka, hadi tarakimu ya mwisho. Asilimia 8 juu ya nilichokuwa napata. Pamoja nayo, ujumbe wa wakala: nijibu kabla ya saa kumi na moja jioni, kuna mwingine anasubiri. Nikakubali. Siku ya kusaini mkataba, mtu wa rasilimali watu akaniambia, kwa nia njema kabisa, kwamba walishangaa mtu mwenye uzoefu wangu kuomba kidogo hivyo, maana hata ngazi ya chini ya nafasi ile ilikuwa asilimia 30 juu ya mshahara wangu wa zamani. Mimi sikuomba chochote. Niliombewa. (Na kampuni nayo, pamoja na kushangaa kote huko, unafuu haikuukataa.)

Wengi tunadhani wakala yuko upande wetu kwa kuwa mara nyingi mwajiri humlipa asilimia fulani ya mshahara wako wa mwaka wa kwanza. Hebu piga hesabu. Tuseme ada yake ni asilimia 20 na mshahara wa mwaka ni 100: anapata 20. Ukivutana ukafika 110, anapata 22. Hizo 2 za ziada hazimlipi wiki nzima ya mvutano, huku akihofia mwajiri asije akamchukua mtu wa wakala mwingine, naye akakosa zote 20. Wengi wao hawaoni hata senti mpaka mtu aajiriwe. Kwake yeye, anayesaini Ijumaa kwa bei ya chini ni bora kuliko anayesaini mwezi ujao kwa bei yake halali.

Halafu kuna hili. Wasifu wangu aliupeleka kwenye kampuni nyingine mbili bila kuniuliza. Niligundua baadaye, baada ya kusikia kwamba moja ya kampuni nilizoomba mwenyewe tayari ilikuwa na jina langu kupitia wakala. Mwajiri akiona jina moja limeingia kwa milango miwili, mara nyingi analiweka kando kukwepa ugomvi wa ada. Kwa hiyo kabla ya kumtumia mtu wasifu, akuandikie kwenye barua pepe kwamba hataupeleka popote mpaka akutajie kampuni na wewe ukubali.

Anayekuomba hela ya usajili huyo ni tapeli wa kawaida, hana haja ya maelezo marefu. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1997, umeweka kanuni kwamba wakala binafsi asimtoze mfanyakazi ada, iwe waziwazi au kwa kuzunguka. Wangu hakuniomba hata nauli, ndiyo maana nilimwamini.

Kuhusu mshahara wa zamani, California imewakataza waajiri kuuuliza tangu 2018, na Umoja wa Ulaya ulipitisha katazo kama hilo 2023. Kwenu kama sheria hiyo haipo, jibu bado lipo: "Niambie kiwango kilichotengwa, nami nitakwambia kama tunaendelea." Ukilazimika kutaja namba, taja unayoitaka, useme kama ni kabla ya makato au ya mkononi. Ile ya chini kabisa baki nayo moyoni. Slipu isitoke kabla ya ofa ya maandishi, na ikitoka, namba za benki ziwe zimefutwa.

Amenipigia tena majuzi, ana nafasi nyingine "inayoniita kabisa". Nikamuuliza imetengewa kiasi gani. Akasema aangalie kwenye mfumo, ananirudia baada ya dakika tano. Hiyo ilikuwa Jumanne ya wiki iliyopita.