Msaada wa kisheria kwa watoto, Temeke: nyota nne, ila sheria nayo irekebishwe

Kama mtoto wako kakamatwa hapa Dar na hela ya wakili huna, usikae nyumbani unalia, nenda ofisi za msaada wa kisheria. Sisi tulienda moja huku Temeke kwa ajili ya mtoto wa dada angu, kashikwa kwa kesi ya simu, na kwa kweli wametusaidia sana. Bure kabisa, hata hela ya fotokopi hawakutuomba.

Dada tuliyemkuta pale wala hakuanza na kaiba au hajaiba, kauliza ana miaka mingapi na mna nini cha kuonyesha. Kumbe kituoni wameandika 18 wakati dogo ana 15, na hapo ndo balaa lote linapoanzia, maana ukishaandikwa mtu mzima unalala sero na mijibaba na kesi inaenda mahakama ya kawaida. Cheti cha kuzaliwa hatuna. Akatwambia leteni kadi ya kliniki na barua ya shule, akabeba mwenyewe mpaka kituoni, akamtafuta afisa ustawi wa jamii, umri ukarekebishwa, kesi ikaenda Mahakama ya Watoto Kisutu ambako inasikilizwa faragha na mama yake yupo pembeni. Dogo yuko nje kwa dhamana.

Nyota moja nimekata kwa sababu simu hawapokei na wakili ni mmoja kwa foleni yote ile. Wasaidizi wa kisheria wapo na wanajua kazi, ila mahakamani hawaruhusiwi kumtetea mtu.

Sasa sheria. Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema kabisa mtoto hafungwi jela, safi, lakini inamsaidia nini aliyeshaandikwa mtu mzima pale kaunta? Anayebuni umri wa mtoto awajibishwe. Halafu Kanuni ya Adhabu mpaka leo inaruhusu mtoto wa miaka 10 au 11 ashtakiwe ikithibitika alijua anakosea, wakati Kamati ya Haki za Mtoto ya Umoja wa Mataifa toka 2019 inashauri umri usiwe chini ya 14. Miaka 10 jamani, huyo bado anatumwa dukani anasahau chenji! Wabunge wetu wa Dar walibebe hili.

Mkienda nendeni asubuhi, na kadi ya kliniki msiisahau.