Uzoefu wangu: nilibadilisha sensa ya joto la dizeli bure, kumbe ni waya

Hilux yangu ya dizeli hubeba viazi kutoka Molo hadi soko la Wakulima hapa Nakuru, kwa hiyo taa ya injini ikiwaka silali. Hii ilianza kwenye matuta: inawaka, inazima, kesho inawaka tena. Gari halikukataa kutembea. Nilihisi limekuwa zito kidogo kwenye mlima, ingawa siku hiyo magunia nayo yalikuwa mengi.

Gereji ya kwanza (sitaitaja) walichomeka mashine, wakasoma msimbo wa hitilafu P0183, na hata kabla ya boneti kufunguliwa nikaambiwa sensa ya joto la mafuta imekufa. Si ile sensa ya kuhesabu watu, ni kidude cha waya mbili kilichofungwa kwenye pampu ya dizeli. Nikalipa 6,500 ya sensa na 1,000 ya kazi. Taa ikafutwa, nikafurahi siku mbili. Ya tatu ikawaka tena nikiwa njiani na mzigo. Niliporudi wakasema basi huenda ni pampu yenyewe. Pampu! Nilichukua ufunguo wangu nikaondoka. Duka nalo likagoma kurudisha pesa: vitu vya umeme havirudishwi.

Kwa hasira nikanunua skana ndogo ya Bluetooth, zile za buluu zinazoongea na simu, 1,200. Inasoma msimbo na kuufuta, basi. Joto la dizeli kwenye gari langu haionyeshi kabisa. Kwa bei hiyo sijutii, ila ukiinunua ukidhani umenunua fundi, utalia.

Dereva mmoja sokoni ndiye aliyenielekeza kwa kijana wa umeme wa magari. Alisema saa mbili asubuhi, akafika saa tano. Lakini alipoanza kazi nilimsamehe nusu. Skana yake ni kubwa, ya kuingia ndani ya kompyuta ya gari, na pale kwenye joto la mafuta ilisoma nyuzi hasi 40.

“Mama, hii dizeli yako imeganda,” akasema huku anacheka. Hata Molo ya mwezi wa saba haijafika huko.

Alinieleza hivi. Kompyuta inatuma volti 5 kwa sensa. Dizeli ikipata joto, ukinzani wa sensa, yaani inavyozuia umeme kupita, unapungua na volti zinashuka. Njia ikikatika popote, volti zinabaki juu, na kompyuta inasoma baridi ya ajabu. Hiyo ndiyo P0183. P0182 ni kinyume chake, volti ziko chini mno, mara nyingi waya umegusa chuma. Kwa hiyo msimbo unataja njia nzima, sensa ni kipande kimoja tu cha hiyo njia.

Akachomoa soketi, akafungua swichi bila kuwasha injini, akashika multimita, kile kipimo cha umeme. Waya wa kwanza na bodi ya gari: volti 5. Waya wa kwanza na wa pili: sufuri. Akaunganisha matundu mawili ya soketi kwa kipande cha waya, skrini ikabaki hasi 40. Akatoa ncha iliyokuwa kwenye waya wa pili akaigusisha kwenye chuma cha injini, nyuzi zikaruka kupita 100. Yaani kompyuta ni nzima, waya wa kwanza ni mzima, uliokatika ni ule wa pili, wa ardhi, unaorudisha umeme. Dakika tano hivi.

Kisha akaniomba ile sensa ya zamani. Ikipoa ilisoma ohmu elfu mbili na kidogo. Tukaomba maji ya moto kwa mama wa chai, akachovya ncha yake kikombeni, namba zikateremka taratibu hadi mia nne na kitu. Nzima kabisa. Hapo ndipo 7,500 zangu ziliponiuma upya.

Waya ulikuwa umekatika ndani ya ngozi yake, mahali mkungu wa nyaya unaposuguana na kishikizo cha chuma. Kwa nje ulionekana mzuri, ukiuvuta unarefuka kama mpira. Ndani shaba imekuwa kijani. Alikata hadi akapata shaba safi, akaunga kwa risasi, akavisha mpira wa kubana kwa moto, akasogeza mkungu mbali na kile chuma. Skrini ikasoma 31. Alinitoza 2,000.

Nimeshapanda Molo mara nane tangu siku hiyo, taa imelala. Kijana nampa nyota nne, ya tano aliiacha kwenye yale masaa matatu niliyokaa juu ya kreti. Skana ya buluu, tatu. Na kama kuna mwenye Hilux ya dizeli anayehitaji sensa ya joto la mafuta, ya kwangu ya zamani iko kwenye droo ya gari, nimeifunga kwa gazeti.